Kwaya Iliyomuaga Naftali Mapema

Barua ya uhamisho ilimfikia ndugu yangu Owuor mwezi wa Julai, mwaka 1957. Reli ilimtaka Tororo kuanzia tarehe mosi Agosti, yeye, mke wake na watoto wake wawili. Mimi sikutajwa, na sikushangaa, kwa kuwa Reli haikuwa na habari kwamba kwa miezi saba kijana mmoja aliyeishia Fomu Tu, yaani kidato cha pili, alikuwa akilala jikoni kwao katika landi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa Reli, miguu chini ya meza na kichwa kando ya debe la unga.

"Ogola, mimi sikufukuzi," shemeji yangu Akeyo aliniambia huku akikunja mapazia. "Nyumba ndiyo inayokufukuza."

Mambo yalikuwa wazi. Ama nipate kazi kabla ya mwisho wa mwezi, ama nirudi nyumbani Alego. Na Alego nilikuwa nimeondoka kwa fujo. Niliaga nyumba kumi na saba, nikaahidi kurudi na saa ya mkononi, nikamwambia baba mdogo kwamba jembe langu anaweza kumpa mtu mwingine. Baba mdogo hakumpa mtu. Aliandika kuniarifu kwamba amelitia mpini mpya.

Si kwamba Nakuru sikupata kazi. Nilipata mbili. Ya kwanza ilikuwa hotelini, ikaisha siku ya nne mteja alipouliza kama nyama ni laini nami nikamwambia inategemea meno amekuja nayo mangapi. Ya pili ilikuwa duka la baiskeli. Hiyo sitaieleza, maana yule mnunuzi bado ana hasira.

Owuor alinitazama jioni ile kama mtu anayetazama mzigo usioingia kwenye gari. "Nenda kwa Mwalimu Nicodemus," akasema. "Lakini omera, ndugu yangu, nusu ya maneno yako yaache hapa. Shemeji yako atakutunzia."

Mwalimu Nicodemus Wasike hakuwa mwalimu wa shule. Mchana alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, mtu mfupi mwenye koti la kijivu na penseli mbili masikioni, moja kila upande. Alhamisi jioni alisimamia kwaya katika kanisa la Bondeni. Ukimuuliza mtu yeyote mjini alipataje kazi yake, ukimfuata nyuma hatua tatu au nne, mwishoni unamkuta Nicodemus amesimama na fimbo yake ya kuongozea nyimbo.

"Unaimba sauti gani?" aliniuliza.

"Mwalimu, mimi nikiimba watu huuliza nani ameumia."

Hakucheka. "Utasimama nyuma ya mabesi. Fungua mdomo, usitoe kitu."

Nikafikiri nimekuja mahali pabaya. Mimi nataka kazi, mtu ananipa zaburi. Lakini kabla ya wimbo wa kwanza Nicodemus aligonga meza kwa fimbo, akasema, "Habari za sauti. Soprano tuanze."

Masoprano wengi walikuwa mayaya wa nyumba za Wazungu. Nekoye, msichana wa Bungoma mwenye macho ya kukupima, akasema, "Memsabu wetu amenunua makoti mazito matatu na masanduku mawili makubwa. Hiyo si safari ya Mombasa."

"Dereva wao ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri. Hanywi. Anakula sana."

"Kula si kosa. Bes, kule Njoro waliulizia nini wiki jana?"

Bes mmoja, mtu wa lori, akajibu kwamba waliulizia dereva, na kwamba chakula cha huko ni kingi. Nicodemus akaitikia kwa kichwa mara moja, basi, imekwisha. Yule dereva alikuwa amepata kazi mpya na yeye mwenyewe bado hajajua kwamba ya zamani inakwisha. Wakaingia maalto, wauguzi na wafua nguo, ambao kwa kutazama kamba ya nguo tu walijua nyumba ina wageni, ina mgonjwa au ina ugomvi. Kisha matenori, ambao ni makarani na huona barua kabla hazijatiwa gundi. Dakika ishirini hivi. Halafu tukaimba, yaani wao wakaimba.

Baadaye nilimwuliza kwa nini hamwulizi mtu moja kwa moja, nani ana kazi.

"Ukiuliza nani ana kazi, kila mtu atasema hakuna," akanijibu akipanga vitabu. "Uliza nani anahama, nani anaoa, nani amechoka. Kazi ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi, jua imeshapita mikononi mwa watu. Mimi naitaka ikiwa bado ina mwenyewe."

Malipo yake hayakuwa pesa. Mtu aliyewekwa mahali na kwaya alikuwa na deni moja tu: siku atakapotaka kuacha, amwambie Nicodemus kabla hajamwambia bwana wake. Na Nicodemus hamwambii mtu ila yule anayehusika. Halafu, mambo yakishakuwa tayari, kwaya yote inakwenda mlangoni kwa huyo anayehama kumwimbia wimbo wa kumuaga. Hakuna mwimbaji aliyeondoka mahali kimyakimya.

Alhamisi ya tarehe ishirini na tano, zikiwa zimebaki siku sita tu, Nicodemus aliniita kando.

"Unaweza kukaa kwenye baridi?"

"Hata kwenye barafu, Mwalimu, mradi kuna kiti."

"Kiti kipo. Bado kina mtu." Akaniambia habari za Naftali, tenori wa tawi letu la Molo, karani katika stoo ya pareto na viazi ya Mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Makofia, kwa sababu ya kuvaa kofia ya sufu na juu yake kofia ya ngozi. Duka moja la dawa hapa Nakuru lilimtaka Naftali, lakini lilitaka barua ya sifa kutoka kwa bwana wake wa sasa. Na Bwana Makofia alikuwa na tabia yake. Ukimwambia unaondoka siku akiwa na hasira, anakuandikia mstari mmoja: huyu alikuwa hapa, sasa hayupo. Barua ya namna hiyo haikufikishi popote.

"Naftali atamwambia Jumatatu asubuhi," Nicodemus alisema. "Jumapili ana wageni, Jumatatu huwa mpole. Atamwambia naondoka, na mtu wa kushika nafasi yangu huyu hapa. Ndipo unatokea wewe, umechana nywele. Nenda Molo Jumamosi, ulale kwa Mama Wariara, ukae kimya mpaka Jumatatu. Ogola, nimesema nini?"

"Nikae kimya."

"Rudia."

Nilirudia. Nicodemus hakuonekana kuridhika, na sasa naona alikuwa mtu mwenye akili.

Mama Wariara alikuwa yaya mzee na kiongozi wa kwaya tawi la Molo. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shamba la viazi. Jumamosi hiyo jioni ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vyungu, na waimbaji kama ishirini walikuwa wamejibana kuzunguka moto wakinywa chai. Walinipa kikombe, wakanipa blanketi, wakanipa mahali karibu na jiko. Walikuwa watu wazuri kupita kiasi. Kosa lote lilianza hapo.

"Na wewe mwanangu, umekuja Molo kufanya nini?" Mama Wariara aliuliza.

Nilikuwa na jibu zuri la kimya. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu Elburgon: nimekuja kutembea. Lakini yule bes aliyeketi karibu yangu, mtu mnene aitwaye Kahiga, dereva wa lori la viazi, alidakia, "Huyu mwembamba amekuja kutafuta mahali pa kukondea zaidi." Watu wakacheka, na mimi nikichekwa siwezi kunyamaza.

"Nimekuja kukalia kiti cha Naftali," nikasema. "Nasikia ni mtenda kazi sana, kwa hiyo kiti kitakuwa bado kipya."

Wakacheka mara mbili ya walivyomcheka Kahiga. Nikafurahi kwa kitambo cha kumeza chai mara moja. Kisha nikaona Mama Wariara ameweka kikombe chini.

"Naftali wetu anaondoka? Na hakuna aliyetuambia?"

"Mama, huo ulikuwa mzaha."

"Mzaha gani wakati wewe umekuja na sanduku?" Akawageukia wenzake. "Kesho baada ya ibada tukamwimbie. Kahiga, lori lina petroli?"

Nilisema kwamba Jumanne itafaa zaidi. Nilisema mvua. Nilisema Naftali ana aibu. Mama Wariara alinigusa mkono, akaniambia nina moyo mwema, lakini kazi ya kwaya niwaachie wanakwaya. Siri yenyewe sikuweza kuieleza. Nimeshavunja nusu yake, nilifikiri, afadhali hiyo nyingine ibaki nzima. Nikajifariji kwamba huyo Naftali tutamkuta kesho kanisani, atawazuia mwenyewe.

Naftali hakuja kanisani. Jiko la kukaushia pareto haliachwi peke yake, na Jumapili hiyo ilikuwa zamu yake.

Saa tano kasoro robo nilikuwa nimesimama juu ya lori la Kahiga pamoja na watu ishirini na wanane wenye mashuka meupe mabegani, nimekumbatia kuku wa zawadi. Nilijaribu mara ya mwisho. "Mama, tafadhali, tusiende."

"Wewe huimbi," Mama Wariara akasema kwa upole. "Shika kuku."

Kitu ambacho sikuambiwa ni kwamba stoo ya Bwana Makofia na nyumba ya Bwana Makofia zimetenganishwa na ua mmoja tu. Lori lilisimama, watu wakashuka wakajipanga, Mama Wariara akainua mkono, na sauti nne zikapanda pamoja kwenye baridi ile. Waliimba vizuri. Hilo lazima niseme. Waliimba hata ng'ombe wa upande wa pili wa boma wakaacha kula.

Naftali alitokea kwenye jiko la pareto akiwa na sepetu mkononi. Alikuwa kijana mrefu wa Bunyore, na nilimwona akifupika. Kisha mlango wa nyumba ukafunguka. Ulitoka kwanza moshi, moshi mwingi wa kitu kilichoungua, na nyuma ya moshi akatoka Bwana Makofia, kofia zote mbili kichwani na kijiko mkononi.

"Hii kelele gani? Nani nakufa?"

Wimbo ukakatika. Mama Wariara akapiga goti kidogo. "Hakuna aliyekufa, Bwana. Tumekuja kumuaga karani wako."

Bwana Makofia akageuka polepole. "Naftali. Wewe nakwenda?"

Naftali alifungua mdomo bila kutoa kitu, namna ile ile niliyofundishwa mimi.

Nilikuwa nyuma ya mabesi, kuku kifuani. Ningeweza kubaki pale. Ningeweza kurudi stesheni, nikapanda gari la jioni, na Jumatatu nikawa njiani kwenda kukutana na mpini mpya. Lakini nilimwona Naftali anavyoitazama ile kofia ya juu, akijua barua yake sasa itakuwa mstari mmoja, labda nusu. Nikampa Kahiga kuku, nikapita mbele.

"Bwana, makosa ni yangu," nikasema. "Naftali alitaka kukuambia kesho, kwa heshima. Mimi ndiye niliyetoboa."

"Wewe nani?"

"Karani wako wa mwezi ujao, Bwana. Kama utakubali."

Nilisikia mtu mmoja kwenye safu ya alto akivuta pumzi. Bwana Makofia alinitazama kuanzia viatu, ambavyo vilikuwa vya Owuor, hadi kwenye nywele.

"Ngoja. Naftali bado hapana toka. Na karani mwingine tayari nafika?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi natafuta mpishi wiki saba." Sauti yake ilianza kupanda. "Wiki saba naandika kwa ofisi ya kazi. Naleta mmoja anakunywa sheri yangu. Naleta mwingine napika supu na soksi ndani. Leo saa saba wageni sita nakuja, memsabu iko jikoni nalia, na hapa karani nakuja kabla ya mimi jua iko taka karani. Nani naleta wewe?"

"Hawa," nikasema, nikionyesha mashuka meupe.

"Kwaya?"

"Kwaya, Bwana."

Alipiga kijiko kwenye kiganja. "Basi sawa. Hii kwaya nalete mpishi. Mpishi iko jikoni kabla ya saa saba, mimi naandika Naftali barua mzuri, na wewe nakaa kwa kiti yake. Hapana mpishi, hapana barua, na wewe narudi kwa mama yako." Akatoa saa mfukoni, akaitazama, akaingia kwenye moshi wake.

Niligeuka. Watu ishirini na wanane walinitazama, na Naftali, na kuku.

"Nani anajua mpishi?" nikauliza.

Wote wakasema mara moja. Walitaja wapishi kumi na watatu. Kumi na wawili walikuwa na kazi zao, na mmoja, ilipochunguzwa, alikuwa amefariki mwaka 1954. Dakika kumi zikapotea. Hapo ndipo nilipomkumbuka Nicodemus akipanga vitabu vyake. Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu lilichukua nguvu, nikaanza upya.

"Tuache wapishi. Nyumba gani ya Mzungu hapa karibu ina madirisha yaliyofungwa? Soprano?"

Masoprano wakatazamana. Hakuna.

"Alto. Kamba gani ya nguo haina kitu?"

Alto mmoja aitwaye Mugure, mfua nguo, akainua kidole. "Turi. Yule bwana mzee mwenye fimbo mbili. Tangu Jumanne sijapewa nguo. Wanawe walikuja wakamchukua, nasikia anakwenda kwao Ulaya asirudi tena."

"Alikuwa na mpishi?"

"Alikuwa na Kipketer. Yupo bado. Aliachiwa mbwa."

"Anapika vizuri?" nikauliza, nao matenori watatu wakajibu bila kungoja zamu yao. Karani wa stesheni ya Turi alisema aliwahi kupewa mabaki ya pudini ya Kipketer miaka miwili iliyopita, na kwamba tangu siku hiyo anamsalimia kwa kuvua kofia.

"Bes," nikasema. "Kahiga, ni mbali gani?"

"Maili sita. Kwa matope haya, maili tisa." Alikuwa tayari akimkabidhi mtu mwingine kuku.

Tulikwenda watatu, Kahiga, Mugure na mimi. Lori lilikwama mara moja, nikashuka kusukuma, na viatu vya Owuor vikabaki matopeni mpaka nikarudi kuving'oa kwa mkono. Kipketer tulimkuta kwenye ngazi ya ile nyumba tupu, mtu wa makamo mwenye koti la Jumapili, ameketi kando ya mbwa mkubwa wa kahawia. Wote wawili walikuwa wakitazama barabara, na wote wawili walionekana wamechoka kuitazama.

Mugure alimweleza. Kipketer alisikiliza hadi mwisho.

"Kazi naitaka," akasema. "Lakini niliahidi sitamwacha huyu mpaka apate kwake. Mimi na yeye, au hakuna."

"Mzee," nikamwambia, "katika maneno niliyopewa, mbwa hakukatazwa."

Kahiga alisema mbele hakuna nafasi, na nyuma mbwa ataruka. Mbwa aliketi mapajani mwangu. Alikuwa na uzito wa gunia la viazi na alinilamba sikio lote la kushoto kutoka Turi hadi Molo.

Saa sita na nusu tuliingia uani. Kwaya haikuwa imeondoka. Mama Wariara aliona wazo la kuwaacha wasimame kwenye baridi bure halifai, kwa hiyo walikuwa wameimba muda wote, na Naftali alikuwa amerudishwa kwenye safu ya tenori, sepetu bado mkononi. Kipketer alivua koti, akaingia jikoni, akachungulia sufuria moja, akachungulia ya pili. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini sana, "Memsabu, nenda ukavae viatu vya wageni. Mimi nipo."

Ule moshi ukaisha. Saa saba na robo, gari mbili za wageni zikiwa zimesimama mbele ya nyumba, harufu nyingine ikaanza kutoka, ya nyama na vitunguu na siagi, na safu ya bes ikakosa mahadhi kwa mara ya kwanza siku ile.

Bwana Makofia alitoka karibu saa tisa. Kofia alikuwa amebaki na moja. Kitambaa cha mezani kilikuwa bado shingoni, na yule mbwa alikuwa akimfuata kisigino kwa kisigino, kama aliyezaliwa pale. Alikuwa na karatasi mkononi. Akampa Naftali.

Naftali akasoma. Akafika chini, akageuza karatasi, na upande wa nyuma nao ulikuwa umeandikwa.

"Bwana," akasema, akaikunja karatasi polepole.

"Nakwenda tarehe mosi," Bwana Makofia akamwambia. "Kabla ya hapo nafundisha hii mdomo mkubwa kazi yote." Akanielekezea kidole. "Wewe. Kesho saa moja. Na ile alto ya kamba ya nguo, mpishi naambia mimi yote, uliza yeye kama najua mtu ya kukamua ng'ombe."

Mugure alikuwa anamjua mtu. Alimtaja palepale.

Baadaye, kwaya ilipokuwa ikipanda lori, Naftali alinisogelea. "Tangu saa tano nilitaka kukupiga," akasema. "Sasa sijui nianze na ngumi au na asante."

"Anza na asante, hiyo nyingine tuijadili."

Alinipiga kofi la mgongo, ambalo nilihisi lilikuwa ni vyote viwili, kisha akaninyang'anya mkono akautikisa mpaka bega likaniuma. Mama Wariara alikuja akaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli tangu usiku ule, nami nikamwomba radhi. Akanipa kuku. Alisema wamemwimbia Naftali kwa muda wa saa nne, kwa hiyo yeye ametosheka, kuku sasa ni wa anayeingia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya saa mbili, gadi wa garimoshi la mizigo aliniletea ujumbe kutoka Nakuru. Hatujui habari ilimfikiaje Nicodemus upesi namna ile, lakini kwake hilo haliulizwi. Gadi alisimama mlangoni pa stoo akanisomea kutoka kichwani. "Mwalimu anasema hongera. Anasema amemwambia ndugu yako Owuor aende Tororo kwa amani. Na anasema, funga mdomo."

Niliketi kwenye kiti. Kilikuwa kigumu, kimeegemea dirishani, upande wa baraza la Bwana Makofia. Naftali alikuwa akinionyesha vitambulisho vya magunia. Na hapo nje, hatua nne kutoka sikio langu, Mzungu jirani aliyekuja kwa farasi alikuwa akimweleza Bwana Makofia kwamba wanajenga kiwanda cha maziwa, kwamba kitafunguliwa baada ya Krismasi, na kwamba kitahitaji vijana kumi na wawili wanaojua kusoma, lakini hilo lisitangazwe kwanza.

Kumi na wawili. Nilifikiria wale wote wasio na kazi niliosimama nao nyuma ya mabesi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Ilikuwa Jumatatu, na habari za sauti ni Alhamisi.

Naftali aliacha magunia akanitazama. "Ogola, una nini? Mbona mashavu yamevimba?"

Nilimwonyesha kwa mkono kwamba aendelee na kazi.